Lakiri Kumi na Moja

Sisimizi ndio walionipeleka kwenye ndoo zile. Ilikuwa Jumanne asubuhi, siku mbili kabla ya gari la kuchukua asali yetu kufika Tabora, nami nilikuwa nimeingia ghalani kuhakiki mzigo kwa mara ya mwisho. Niliona mstari mwembamba wa sisimizi ukitoka chini ya mlango, ukipita pembeni mwa ukuta, ukipotelea nyuma ya safu ya mwisho ya ndoo. Ndoo iliyofungwa vizuri haiiti sisimizi. Nikasogeza za mbele, nikainama.

Lakiri ya ndoo ya kwanza niliyoigusa ilikuwa imekatwa. Haikuwa imekatika yenyewe kwa kuburuzwa. Ilikatwa kwa kitu chenye makali, mkato mmoja, kisha kifuniko kikarudishwa na kufungwa kwa uzi mweupe wa kushonea. Ya pili vilevile. Nilipomaliza safu nzima na ndoo moja iliyokuwa imewekwa juu yake, nilikuwa nimepata kumi na moja kati ya arobaini.

Kisha nikafanya jambo ninalolifanya nikishtuka: nikatoa daftari nikaandika saa, idadi na namba za lakiri zote zilizokatwa.

Yafaa nieleze lakiri ilikuwa na maana gani kwetu. Sisi ni kikundi cha wanawake wa asali. Wengi wetu tunaishi vijijini, upande wa Sikonge na Ulyankulu, na wachache tuko mjini. Kwa miaka mingi asali yetu iliuzwa kando ya barabara, hasa stendi ya Nzega, ndani ya chupa za maji zilizookotwa na kuoshwa. Abiria alishusha dirisha, akanusa, akauliza kama tumeweka sukari, akapandisha dirisha. Kisha akatokea mwanamke mmoja wa Dar es Salaam ambaye kazi yake ni kukusanya asali kwa vikundi kama chetu na kuiuza ng'ambo, kwa mwanamke mwingine mwenye duka lake huko kwenye baridi. Sisi tulimwita wakala. Alikuja mwezi wa sita, akachota sampuli katika kila ndoo kupeleka maabara, na kila alipomaliza ndoo moja aliifunga kwa kile kijifungio chekundu cha plastiki chenye namba.

“Hii ndiyo lakiri,” alituambia. “Maabara ikikubali, mnunuzi anakubali kilicho chini ya lakiri. Ikikatwa, mimi sijui tena kilichomo ndani. Na yeye kule hajui. Tumeelewana, mama zangu?”

Tukasema tumeelewana. Maabara ikakubali zote arobaini.

Aliyekuwa na la kupoteza kuliko wote ni mwenyekiti wetu. Kwa misimu miwili alikuwa amezunguka vijijini akiwashawishi wanawake wasiwauzie walanguzi, wavumilie, wasubiri soko la nje. Wengine walingoja na asali ndani huku shuleni wanadaiwa sare za watoto. Hawakungoja kwa sababu ya wakala, kwa kuwa hawakumjua. Walingoja kwa sababu ya neno la mwenyekiti. Mzigo ule ungekataliwa, asingekuwa na uso wa kurudi katika vijiji vile, na kikundi kingeishia hapo.

Mimi nilikuwa katibu. Zamani niliwahi kuripotia redio ya hapa mjini habari za masoko na mahakama ya mwanzo, na tabia za kazi ile hazijanitoka. Kwa mfano, wakala alipokuja mara ya kwanza nilimwuliza swali moja mara tatu, kwa maneno tofauti na siku tofauti, nione kama atajikanyaga. Hakujikanyaga. Hata hilo nalo likanitia shaka. Nikajiuliza ni mtu gani huyu ambaye majibu yake yamenyooka kiasi hicho. Niliandika namba ya gari lake. Bado ninayo.

Basi asubuhi ile, mbele ya lakiri kumi na moja zilizokatwa, kwanza niliwaza kuhusu wakala: pengine amewatuma watu waharibu mzigo ili ashushe bei. Nikaliacha wazo hilo haraka, maana lilitaka watu wengi na mpango mrefu. Nikarudi kwenye swali la kawaida. Nani ana ufunguo?

Ufunguo alikuwa nao mtunza ghala, ndiye aliyekuwa amefungua mlango alfajiri.

Alikuwa mwanamke wa Ulyankulu, wa zile familia zilizotoka Burundi zamani, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mkimya. Alihamia mjini kwa ajili ya shule ya wanawe na kujiunga nasi mwaka mmoja tu uliopita. Tulimpa ghala kwa sababu alikuwa msafi kupita sisi wote. Alikuwa akifua vitambaa vya kuchujia kila jioni na kuvianika kwa ukubwa, vikubwa kushoto, vidogo kulia. Sikuwa na neno baya juu yake. Lakini nikiwa mkweli, sikuwa pia na neno zuri lililo tayari, kama nililokuwa nalo kwa wengine. Wengine nilijua mama zao. Yeye nilijua anakotoka tu, na siku ile hilo lilitosha kunifanya nimtazame tofauti.

Nilimkuta uani akichuja nta.

“Umeamkaje, mama?”

“Salama, katibu. Umewahi leo.”

“Nimepita ghalani. Kuna mtu ameingia wiki hii?”

Hakuinua macho kutoka kwenye sufuria. “Mimi. Na wewe sasa hivi.”

“Hakuna mwingine?”

“Ufunguo nalala nao.” Akagusa kifundo cha khanga kiunoni. “Kwani kuna nini?”

“Hakuna,” nikasema. “Sisimizi.”

“Nitamwaga majivu mlangoni.”

Nilimwacha. Jibu lake nililiandika neno kwa neno, na chini yake nikaandika: hakuuliza mara ya pili. Sasa najua kwamba watu wasio na cha kuficha nao hawaulizi mara ya pili. Siku ile nililiona kama doa.

Mchana nilikwenda duka la Mwarabu karibu na soko kununua betri za tochi. Sikumwuliza muuza duka swali la moja kwa moja. Nilisema tu kwamba sukari imepanda. Akasema imepanda, lakini watu wananunua, hata yule mama wenu wa ghala wiki iliyopita alichukua kiroba kizima, cha kilo ishirini na tano. Kila mtu wa biashara hii anajua sukari hufanya kazi gani. Unaichemsha na maji mpaka iwe nzito, unapunguza asali kidogo katika kila ndoo na kujazia. Asali iliyotolewa unaiuza pembeni.

Nikarudi ghalani na kijiko. Nilichota kidogo katika ndoo zote kumi na moja, nikirudisha kila uzi ulivyokuwa. Nilidondosha kwenye glasi ya maji, ikazama na kukaa chini bila kuyeyuka. Nilisugua kati ya vidole, haikunata vibaya. Niliionja. Ilikuwa na ule ukali mdogo wa koo unaotokana na maua ya miyombo, na harufu ya moshi kwa mbali. Ilikuwa asali safi kabisa. Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo. Mimi niliandika kwamba huenda amechanganya kwa ustadi.

Jioni nikamwendea mwenyekiti nyumbani kwake, mtaa wa Ng'ambo. Alinisikiliza akiwa amekaa kwenye kigoda, kisha akafunika uso kwa viganja.

“Kumi na moja?”

“Kumi na moja.”

“Tukisema zilivuja?”

“Uzi umefungwa, mwenyekiti. Ndoo inayovuja haijifungi uzi.”

“Basi tuzitoe. Tumpe ishirini na tisa, tuseme nyingine hazikutosha.”

“Ana orodha ya namba.”

Nikamwambia habari ya ufunguo na ya sukari. Sikusema mwizi. Nilipanga mambo mfululizo tu, moja baada ya jingine, kama nilivyokuwa nikipanga habari za mahakama, ili msikilizaji afike mwenyewe. Akafika.

“Yule mama?” alisema. “Mbona anasali vile?”

“Sijasema ni yeye.”

“Lakini umekuja kuniambia.”

Tulikubaliana tunyamaze hadi wakala afike, tumwone mtunza ghala atafanyaje mbele yake. Nakiri kwamba wazo hilo lilikuwa langu.

Wakala alifika Alhamisi saa tatu asubuhi, gari lake dogo likitangulia lori. Alikuwa Mzaramo, na tangu siku ya kwanza alikuwa ameuchukua utani wa mababu kama mali yake halali. Wanyamwezi na Wazaramo tunataniana tangu enzi za misafara, wakati watu wetu walipobeba pembe na nta kutoka huku hadi pwani.

“Wapagazi wangu hawajambo?” alipaza sauti akishuka. “Leo sisi ndio tunawabebea. Dunia imegeuka!”

“Beba tu,” mwenyekiti alimjibu, akijitahidi kucheka. “Mlikaa pwani mkitusubiri kwa miaka mingapi, na miguu mizima?”

Kina mama waliokuwa uani wakacheka. Mtunza ghala alifungua mlango, akasimama kando na daftari lake. Wakala akaingia na orodha, akaanza kusoma namba moja moja, akigusa kila lakiri kwa kidole. Safu ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Mimi sikuwa nikitazama ndoo. Nilikuwa nikitazama uso wa mtunza ghala. Alikuwa ametulia.

Kwenye safu ya mwisho kidole cha wakala kikasimama. Akavuta ule uzi mweupe. Akasogeza ndoo ya pili, ya tatu, hadi akafikia zote. Alipogeuka, utani wote ulikuwa umemtoka.

“Nani amefungua hizi?”

Nilimwona mtunza ghala akisogea mbele, akiinama kutazama, akiweka mkono mdomoni. Niliona kwamba ameshtuka. Niliona vizuri, kwa sababu nilikuwa nimejipanga kuona. Na bado nikasema.

“Ufunguo ni mmoja. Anao yeye. Na wiki iliyopita alinunua sukari kiroba kizima.”

Mtunza ghala aligeuka akanitazama.

“Sukari?” akasema.

“Kwa yule Mwarabu.”

“Sukari ya komunyo ya kwanza ya binti yangu, Jumapili hii.” Sauti yake ilikuwa ndogo, ila haikutetemeka. “Iko chini ya kitanda, haijafunguliwa. Twende ukaione. Tangu Jumanne unajua lakiri zimekatwa?”

Nikalifunga daftari langu.

“Ulikuja uani. Ukaniambia sisimizi.”

Wakati huo huo tulisikia mtu akipiga hodi nyuma ya kina mama, akiwasukuma kwa fimbo taratibu. Alikuwa bibi mmoja wa upande wa Sikonge, mkubwa kuliko wanachama wote. Alikuwa mjini wikiendi iliyopita, amefikia kwa mwenyekiti, akarudi kijijini Jumatatu, na sasa amekuja kuiona asali ikiondoka. Tukamwamkia, shikamoo kwa shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa kila mmoja bila haraka, huku wakala akiwa amesimama na uzi mkononi.

“Mbona mmenuna?” aliuliza. “Msafara hauanzi hivi.”

“Bibi,” mwenyekiti alisema, “kuna mtu amefungua ndoo.”

“Hizo za nyuma? Ni mimi.”

Alisema kama mtu anayesema amefagia uwanja.

Mwenyekiti alikaa chini kwenye sakafu. “Wewe? Uliingiaje?”

“Kwa ufunguo wako, mayo, mama yangu. Si unauning'iniza kwenye msumari jikoni? Jumapili mlikuwa kanisani. Nikaja, nikaonja, nikaurudisha.”

Ufunguo wa pili. Niliujua. Ulikuwepo tangu siku tuliyonunua kufuli. Katika daftari langu sikuuandika, kwa sababu ulikuwa kwa mwenyekiti, na mwenyekiti hakuwa mtu wa kushukiwa.

“Ulionja kwa nini, bibi?” wakala aliuliza.

Bibi alimtazama kwa mshangao wa kweli. “Wewe kwenu mnampa mgeni kitu hamjaonja?” Hakungoja jibu. “Bibi yangu mimi alikuwa akiwapikia wapagazi pombe, hapa hapa, njia ya Ujiji. Mpagazi hagusi kibuyu mpaka mwenye pombe amekunywa mbele yake. Watu wametoka mbali, hawakujui, watajuaje kama hujawawekea kitu? Sasa huyo mzungu wa kule baridi anatujua? Anapelekewa ndoo imefungwa, haina aliyeonja. Mimi ningekuwa yeye ningeimwaga.”

“Lakini bibi, lakiri...”

“Niliikata kwa wembe mpya. Kijiko nilikichemsha. Nikaonja moja moja, nikafunga kwa uzi ili aone kwamba imeonjwa. Makusudi sikuuficha uzi.”

“Na kwa nini kumi na moja tu?” niliuliza. Nilikuwa sijaelewa.

“Hizo ndizo za kijijini kwetu. Mimi ndiye mkubwa kule. Za wengine nitaonjaje? Nilidhani wakubwa wao wataonja.”

Nilifungua daftari langu mbele ya watu wote. Safu ya kijiji ilikuwepo, niliichora mwenyewe kwa rula, maana kila kijiji kilikuwa na ndoo zake ili mnunuzi ajue asali imetoka msitu upi. Lakiri zote kumi na moja zilikuwa na jina la kijiji kimoja. Nilikuwa nimezinakili namba hizo Jumanne asubuhi bila kusogeza jicho upana wa kidole kimoja kulia.

Wakala alikaa juu ya ndoo. Alikaa kwa muda mrefu kiasi kwamba dereva wa lori alikuja kuchungulia. Mwenyekiti bado alikuwa sakafuni. Nilijua anahesabu vijiji.

“Bibi,” wakala alisema hatimaye, “nimekuelewa. Hata kwetu pwani bibi yangu alifanya hivyo, alionja uji kabla ya kumpa mtu. Lakini yule mwanamke wa kule kafundishwa kinyume. Kwake, kitu kilichofungwa ndicho hakijaguswa na mtu mbaya. Akiona uzi wako hatajua kwamba ni heshima. Ataona mkono wa mtu. Hizi siwezi kuzibeba.”

“Zote?” mwenyekiti aliuliza kwa sauti ya chini.

Wakala akatoa fomu kwenye mkoba. Alimgeukia mtunza ghala. “Wewe ndiye umetunza hizi nyingine. Nikiweka sahihi yangu kwamba hazikuguswa, utaweka yako chini yake?”

Ilikuwa fomu moja ya kurasa mbili. Ikisainiwa, ndoo ishirini na tisa zinaondoka. Isiposainiwa, lori linarudi tupu. Mtunza ghala aliipokea, akaisoma yote kwa utulivu, kisha akairudisha.

“Siwezi,” alisema.

Mwenyekiti aliinuka. “Mama, tafadhali.”

“Kuna mtu amesema mbele ya watu wote kwamba mimi ni mwizi. Sahihi ya mwizi itamsaidia nini huyo wa kule?” Hakunitazama. “Nisaini kama nani?”

Kila mtu alijua jambo lililotakiwa na nani alitakiwa kulifanya. Bibi alinigusa na ncha ya fimbo mguuni, si kwa upole.

Nilisema. Nilisema kwamba nilizijua lakiri tangu Jumanne nikamficha. Nilisema nilikwenda dukani kumchimba. Nilisema niliionja asali nikaikuta safi na bado nikaandika kuwa ameiharibu. Nikasema kwamba kama ufunguo ule ungekuwa kwa mwanamke ambaye namjua mama yake, ningemwuliza kwanza. Sehemu hiyo ya mwisho sikuwa nimepanga kuisema. Nilipoisema, baadhi ya kina mama waliangalia chini, na nikatambua kwamba sikuwa peke yangu niliyefikiri hivyo asubuhi ile.

“Hilo la mwisho,” mtunza ghala alisema, “ndilo nililokuwa nalingoja.”

Akachukua kalamu akasaini. Mwandiko wake ulikuwa mzuri.

Walipakia hadi adhuhuri. Bibi alikaa juu ya gunia akielekeza vijana wa lori namna ya kuinua ndoo, akimwambia wakala kwamba Wazaramo hawajui kubeba, na wakala akimjibu kwamba ndiyo maana walizaliwa na akili. Zile kumi na moja zilibaki. Tuliziuza stendi ya Nzega kwa muda wa mwezi mmoja, katika chupa, kama zamani, na mwenyekiti mwenyewe alikwenda kijijini kwa bibi kuwaeleza wanawake kwa nini asali yao haikuvuka bahari. Alinieleza aliporudi kwamba walimsikiliza hadi mwisho. Wawili walijitoa. Waliobaki walitaka kujua lakiri za msimu ujao zitakuwa nyekundu tena au la, kwa sababu rangi ya damu kwenye chakula haiwapendezi.

Jumapili ile sikualikwa kwenye komunyo, na sikutarajia. Nilimwona binti akitoka kanisani na gauni jeupe, mama yake akimwinulia pindo lisiguse vumbi. Nilipita upande wa pili wa barabara.

Asali ilifika. Ilichukua wiki nyingi kuliko tulivyoambiwa, na katika wiki hizo niliwaza tena kwamba tumetapeliwa, nikaitafuta ile namba ya gari daftarini. Kisha picha zikaja: mitungi midogo ya kioo kwenye rafu, na juu ya kila mtungi jina la kijiji. Yule mwanamke wa ng'ambo aliomba msimu ujao apate mara mbili ya zile. Katika fomu mpya wakala alitakiwa kuandika mtu mmoja wa kuwasiliana naye upande wa Tabora. Zamani lilikuwa jina langu. Safari hii ameandika la mtunza ghala, na namba yake ya simu.

Simu zinapigwa kwake sasa. Anatoka uani, anazungumza, anarudi kwenye nta yake. Mwenyekiti humwuliza, naye humweleza. Habari za asali yetu mimi nazipata kutoka kwake, siku akipenda kunipa. Juzi alinipa. Alisema mnunuzi anataka lakiri mbili kwa kila ndoo, na akaniomba nichore daftari jipya lenye safu ya funguo zote mbili.